Sifa Isiyovua Viatu

Mwaka ule wa maporomoko nilimfundisha Gunnel Kiswahili
katika chumba cha nyuma cha nyumba ya uzazi, Bagira,
kati ya mizani ya watoto na ndoo za klorini.
Mkunga wa Uswidi, miaka hamsini na mitatu,
kila kitu alikitaka ndani ya jedwali:
mtoto mzuri, watoto wazuri,
kitanda kizuri, vitanda vizuri,
jina zuri, dawa nzuri, mahali pazuri.
Akaweka kalamu chini.
"Mwalimu, sifa moja, nguo ngapi?"

Nikasema: kwetu sifa haiingii ndani
mpaka ivue viatu vyake, ivae vya mwenyeji.
Isipokuwa zile zilizokuja na wageni.
Maji safi, shuka safi, mikono safi.
Mkunga hodari, wakunga hodari.
Zimekaa karne na karne, zimezaa, zimezika,
na bado hazijavua.

Hapo akacheka mpaka miwani ikamshuka,
akaandika pembeni herufi tatu: *bra*.

Ndiyo nzuri yao ya kila siku,
ya mkate, ya usingizi, ya shuka iliyokauka kabla ya mvua,
na si yao. Waliipokea kwa Wajerumani wa bandarini,
hao kwa Wafaransa, hao kwa Waitalia,
na kule, *bravo*, iliwahi kuwa sifa
ya mtu wa kukodiwa mwenye kisu kiunoni.
Nyuma ya hapo njia ina ukungu.
Wapo wanaoifikisha kwa *barbarus*:
mgeni ambaye akifungua kinywa
wenyeji husikia ba, ba, ba.
"Haina uhakika," alisema, akapigia mstari mara mbili.

Vivumishi vyao vya asili huongeza *t* hapa, *a* pale.
*Bra* haiongezi kitu. Kitabu bra, nyumba bra, vitabu bra.
Ila siku ya kulinganisha haina la kusema;
huondoka kitini,
wazee wa nyumba wakarudi: *bättre*, *bäst*.
Mgeni, ruhusa kuwa mwema.
Kuwa mwema zaidi, hapana.

Jumamosi tukapanda Kadutu kutafuta sambaza.
Nsimire akapima kwa kopo la maziwa, akaongeza kiganja.
"Samaki muzuri, mama. Bei muzuri. Bikapo pia, muzuri."
Gunnel akanifinya kiwiko. "Umesikia? Yake pia haivui!"
Nilisikia. Miaka ishirini na miwili nimelisikia kosa hilo
na kila Jumatatu nimelichinja kwa wino mwekundu.
Nikaanza kueleza: ile *mu*, nikasema, ni ya mtu,
imeganda tu, si ya samaki, si ya bei,
nikanyamaza, mguu mmoja kwenye tope.
Kumbe Kadutu
kila kilicho kizuri kinahesabiwa mtu.

Aliporudi kwao nilirithi daftari la zamu.
Safu ya mwisho, mwandiko wake mdogo:
Ntakwinja, kilo tatu na robo, bra.
Pacha wa Mapendo, bra, bra.
Mtoto wa Cikuru, kilo moja na nusu, hakuna neno.
Usiku wa pili, hakuna neno.
Wa tano, *bättre*.
Nilidhani hiyo imeipita bra, kama jedwali lilivyosema.
Lakini ni usiku wa tisa ulioandikwa bra,
na mama akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jana, insha ya darasa la sita:
"Hospitali iko na bitanda muzuri."
Nimeirudisha na duara moja,
la penseli.